Nyuzi za Zeze na Yule Anayeitikia

Kiangazi cha mwaka jana nilikwenda Ugogo kumsalimu mjomba wangu, kaka wa mama yangu, nikamkuta amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba akichambua waya wa breki ya baiskeli. Waya huo, kama ajuavyo kila aliyewahi kutengeneza baiskeli, ni nyuzi nyembamba nyingi za chuma zilizosokotwa pamoja, na yeye alikuwa akizifumua moja moja, akiunyoosha kila uzi kwa kuuvuta juu ya ugoko wake, kisha akiulaza kando kwenye kipande cha gunia. Nikamwamkia kwa salamu ya kwetu, "Mbukwenyi, mjomba," naye akaitikia bila kuinua macho, kwa sababu uzi ukijikunja katika hatua hiyo hauwezi tena kutumika. Kati ya nyuzi zote alizozitoa alihitaji mbili tu. Zeze lake lilikuwa limeegemezwa ukutani, kibuyu kikiwa kimetazama jua ili ngozi ikauke na kukaza.

"Waya wa siku hizi hauna sauti, mwanangu," aliniambia alipomaliza. "Ule wa baiskeli nzito za zamani ulikuwa unalia kama mtu."

Nikamuuliza baba yake alitumia nini kabla ya waya. Akasema alitumia kano za ng'ombe, na kwamba wazee wa wakati huo waliposikia chuma kwa mara ya kwanza walilalamika kuwa ni sauti kali, isiyofaa kusikilizwa na mtu aliyefiwa. Leo chuma hicho hicho ndicho tunachokiita sauti ya asili ya Kigogo, na mjomba mwenyewe anakililia.

Nimeanza na waya huo kwa makusudi. Tunapowazungumzia wapigaji wa ala za jadi za nyuzi, wengi wetu hukimbilia neno "kuhifadhi", kana kwamba mpigaji alikabidhiwa kitu kilichokwisha kukamilika na kazi yake ni kukilinda kisivunjike. Mimi pia niliamini hivyo kwa muda mrefu. Lakini kila nilivyozidi kufuatilia maisha ya watu hawa, niliona kwamba waliosikika mbali ndio waliothubutu kubadilisha mengi, wakaongeza nyuzi, wakageuza namna ya kukaa, wakapeleka ala mahali ambapo haikuwahi kupigwa. Ala haikufa kwa hayo. Kilichopungua ni kitu kingine, na ndicho kilichonisukuma kuandika.

Kwanza niieleze ala yenyewe kwa wale ambao hawajawahi kuishika. Zeze la Kigogo lina kibuyu kilichokatwa mdomo na kuwambwa ngozi, na mti mwembamba unaopenya ubavuni na kuwa shingo. Nyuzi hufungwa kwenye vigingi juu ya shingo, zikapita juu ya kijiti kidogo kinachozinyanyua kutoka kwenye ngozi, na kufungwa upande wa chini. Upinde ni kijiti kilichopindwa na kufungwa nyuzi za mmea au singa, ambazo hupakwa utomvu au kulowanishwa ili zisiteleze. Mpigaji hukiegemeza kibuyu tumboni, na wapo wanaosema kwamba sauti ya zeze husikika vizuri zaidi kwa mpigaji kuliko kwa msikilizaji, kwa sababu humwingia mwilini kabla ya kutoka nje.

Jambo ambalo wataalamu wa muziki wamelisema mara nyingi kuhusu Wagogo, na ambalo mjomba hulijua kwa vidole bila kulisema, ni kwamba uzi mmoja unaposuguliwa hautoi sauti moja. Ndani ya sauti ile nzito mna sauti nyingine nyembamba zilizopangana kuelekea juu, na anayesikiliza kwa utulivu huzisikia. Muziki wa Kigogo umejengwa juu ya ngazi ya sauti hizo za ndani. Ndiyo maana waimbaji wetu wanapogawana sauti hawaonekani kutafutana; kila mmoja huchukua sauti ambayo tayari imo ndani ya uzi, akaitoa nje kwa koo lake. Mgeni husikia watu wengi wanaoimba vitu tofauti, ilhali mwenyeji husikia uzi mmoja uliofunguka.

Ukiyajua haya utaelewa kwa nini Hukwe Zawose, mpigaji zeze na mwimbaji mashuhuri wa Kigogo, alishangaza watu hata kabla hawajajua anaimba nini. Alikuwa na koo linaloweza kushuka hadi mngurumo na kupanda hadi sauti nyembamba kuliko ya mtoto, na alipoimba pamoja na zeze ilikuwa vigumu kusema ni wapi uzi uliishia na ni wapi koo lilianzia. Alizaliwa Ugogo wakati Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, akakua akichunga ng'ombe, na muziki wake wa kwanza aliupata kwa baba yake. Wanaokulia miji mikubwa hawafahamu jinsi uchungaji unavyomfaa mpigaji: siku nzima mtu yuko peke yake, hakuna anayemwambia anyamaze, na ng'ombe hawachoki kusikia wimbo mmoja ukirudiwa mara mia moja. Mjomba wangu naye alijifunzia huko huko, na mpaka leo akipiga peke yake mwendo wake ni wa mtu anayetembea nyuma ya mifugo.

Mwezi Desemba mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipohutubia Bunge akiwa Rais mpya wa Jamhuri, alitangaza kuanzishwa kwa wizara itakayoshughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Katika miaka iliyofuata wapigaji na wachezaji kutoka mikoa mbalimbali walikusanywa Dar es Salaam, na Hukwe alikuwa mmoja wao, akiwa ameitwa na Nyerere mwenyewe baada ya kusikika. Naomba msomaji asimame hapa kidogo na kufikiria maana ya wito huo katika maisha ya mtu. Mchungaji wa Ugogo, ambaye kupiga kwake kulikuwa sehemu ya kuishi na malipo yake yalikuwa chakula, pombe ya mtama na heshima, aligeuka kuwa mtumishi aliyelipwa na serikali ili awe Mgogo mbele ya watu wasio Wagogo. Kijijini hakuna anayekuuliza utamaduni wako ni upi. Jukwaani ni lazima uoneshe, na uoneshe ndani ya dakika ulizopewa.

Baadaye shughuli hiyo ilihamia Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, na ambacho tangu mwaka 2007 kimekuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Hukwe alifundisha huko na kuweka makazi yake huko, ndugu na watoto wakamzunguka, na hivyo ukatokea mji mdogo wa Wagogo kando ya Bahari ya Hindi, mbali na mawele na vumbi letu. Watu wa nyumbani walikuwa wakisema kwamba muziki uliohama namna hiyo utanyauka. Haukunyauka. Mtoto aliyekulia kwenye ua ule hakuwa na siku za upweke nyuma ya ng'ombe, lakini alikuwa na kitu ambacho mchungaji hakuwa nacho, yaani mazeze na marimba mengi yakipigwa kwa pamoja kila siku, na watu wazima waliompa sehemu yake ya kuitikia tangu hajajua kusoma. Muziki wa mtu mmoja na uzi wake ukawa muziki wa ukoo mzima.

Hukwe hakuziacha ala zake kama alivyozikuta. Zeze alilolirithi lilikuwa na nyuzi chache, na yeye aliongeza nyingine kupita desturi, akatengeneza pia marimba makubwa ya Kigogo, yaani ilimba, yenye ndimi nyingi kuliko zile zilizozoeleka. Sababu yake nadhani ilikuwa ya kifundi kabisa. Katika ukumbi wa watu mamia hakuna umati wa wanawake na vijana unaomzunguka mpigaji na kujaza sauti za kati, kwa hiyo alilazimika kuufunga umati huo kwenye vigingi. Nyuzi zile za ziada, kwa sikio langu, ni waitikiaji waliokosekana.

Santuri zake zilitoka Uingereza: *Tanzania Yetu* mwaka 1985, *Mateso* mwaka 1987, na *Chibite* mwaka 1996 chini ya kampuni ya Real World. Mwaka 2002 yeye na mpwa wake Charles Zawose walitoa *Assembly* pamoja na Mkanada Michael Brook, na mwaka huo huo wakapanda kwenye majukwaa makubwa ya Amerika Kaskazini katika ziara ya Peter Gabriel. Hukwe alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, na Charles, ambaye wengi walimwona kuwa ndiye atakayeshika nafasi, akamfuata mwaka uliofuata. Niliposikia habari ya pili nilikuwa bado mwanafunzi, na nakumbuka mama yangu alizima redio na kukaa kimya mpaka chai ikapoa.

Kulikuwa na hofu kwamba safari ingeishia hapo. Lakini Msafiri Zawose, mwana wa Hukwe, alikwisha kuanza njia yake, na mwaka 2017 alitoa albamu iitwayo *Uhamiaji* ambamo zeze na ilimba vimechanganywa na vyombo vya umeme. Kisha mwaka 2024 ikaja albamu *Maisha* ya Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa mzee huyo. Hili la pili ni zito kuliko linavyoonekana kwenye jalada. Kwa desturi ya Kigogo mwanamke alikuwa na ngoma yake ya muheme, ambayo wanaume hawakuigusa, na alikuwa na nafasi yake ya kuimba. Zeze lilikuwa la wanaume, na mwanamke aliyekulia katikati ya mazeze alitegemewa kusimama nyuma ya wapigaji na kuitikia. Pendo na Leah waliimba nyuma kwa miaka mingi. Walipokuja mbele hawakuja kama wageni wanaojaribu kitu kipya, maana kila sehemu ya wimbo walikuwa wakiijua kutoka upande wa pili. Nimesikiliza albamu hiyo mara nyingi, na ninachokisikia ni uamuzi wa watu waliosubiri mpaka wakawa na hakika.

Mambo haya hayakutokea Ugogo peke yake. Kando ya Ziwa Viktoria, kwa Wajaluo, orutu, ambayo ni ndugu wa karibu wa zeze na huwa na uzi mmoja, imepata mpigaji wa kike anayejulikana sana siku hizi, Labdi Ommes wa Kenya. Na nyatiti, ala ya nyuzi nane ambayo kwa mila ilikuwa ya wanaume, ilimpata Mjapani Eriko Mukoyama, aliyekaa kijijini katika eneo la Siaya, Kenya, akafundishwa, akapewa jina la Anyango, na sasa huipiga kwa Kijaluo mbele ya watu wa kwao. Najua wapo wanaosononeka kwamba mgeni alipewa kile ambacho mabinti wa nyumbani walinyimwa. Nami naliona jambo hilo, na ninadhani lawama yake ni yetu, wala haimhusu aliyefunga safari akaja kuomba kufundishwa.

Nyatiti inastahili kuelezwa kidogo kwa sababu inaonesha vizuri jinsi ala inavyofuata maisha ya mahali. Nyuzi zake zamani zilikuwa kano za ng'ombe. Leo nyingi ni mishipi ya nailoni, ile ile inayouzwa kwa wavuvi. Mpigaji hukaa chini kwenye kigoda kifupi kiitwacho orindi, ala ikiwa imelazwa mbele yake, njuga zinazoitwa gara zikiwa zimefungwa mguuni, na kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma, oduong'o, anayoigongesha kwenye mbao ya ala. Kwa hiyo mtu mmoja anapiga nyuzi kwa mikono yote miwili, anagonga chuma kwa kidole cha mguu, anatikisa njuga na kuimba, na mambo hayo yote hayaendi kwa mapigo yale yale.

Kinachonivutia zaidi, hata hivyo, ni desturi ya pakruok. Katika sherehe au kwenye msiba mkubwa, msikilizaji ana haki ya kumkatiza mpigaji katikati ya wimbo. Anatoa fedha, muziki unasimama au unashuka, naye anajisifu au anamsifu rafiki yake, ukoo wake, mkewe, kwa lugha ya mafumbo na majigambo. Kisha mpigaji anayapokea maneno hayo, anayaingiza katika wimbo na kuendelea. Hapo fedha na sanaa havijatengana. Mpigaji hula kutokana na msikilizaji, lakini pia hupata kwake maneno ya wimbo, na wimbo unapofika mwisho umekuwa na majina na habari ambazo asubuhi hazikuwamo. Mtu aliyelelewa na wasikilizaji wa namna hiyo ana ufundi ambao shule haiwezi kumpa: anajua kumsikiliza mtu huku vidole vyake vikifanya kazi nyingine.

Sasa mlinganishe huyo na Ayub Ogada, mpigaji nyatiti wa Kenya. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akapiga muziki Nairobi katika bendi ya African Heritage, na mwaka 1986 akaenda Uingereza akiwa na nyatiti yake. Huko alipiga kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi jijini London, kati ya wapita njia wenye haraka, mpaka waandaaji wa tamasha la WOMAD walipomwona. Albamu yake *En Mana Kuoyo* ilitoka mwaka 1993. Katika njia zile za chini ya ardhi hapakuwa na mtu wa kumkatiza kwa pakruok. Sarafu ilianguka bila neno. Na ukiusikiliza muziki wake utaona jinsi ulivyopungua kasi, ukawa laini, mapigo yakatulia, nafasi kati ya nyuzi ikaongezeka, kwa sababu ulikuwa unamtafuta mtu ambaye hataelewa neno hata moja na hata hivyo ni lazima asimamishwe. Ni ubunifu mkubwa, nami nauheshimu kwa moyo wote.

Lakini kuna wimbo wake mmoja, "Kothbiro", ambao watu wengi duniani waliusikia katika filamu ya *The Constant Gardener* ya mwaka 2005. Nilipousikia mara ya kwanza, jirani yangu wa chumba, Mzungu aliyekuja kufanya utafiti, aliniambia ni wimbo wa kuomboleza. Ndivyo filamu ilivyoutumia na ndivyo nyuzi zake zinavyoweza kusikika. Nikamwuliza rafiki yangu wa Kisumu maneno yanasema nini, akaniambia kwamba yanasema mvua inakuja, warudisheni ng'ombe nyumbani. Nilikaa na jibu hilo kwa siku kadhaa. Mimi ni mtoto wa Ugogo, ambako mvua ikionekana kwa mbali watu hutoka nje ya nyumba kuitazama, na hakuna sentensi yenye furaha na haraka kama hiyo. Mamilioni ya watu walihuzunika, na pengine walihuzunika kwa dhati, kwa wimbo unaowaita watoto waingize mifugo kabla hawajalowa. Ogada alirudi kuishi karibu na Kisumu na akafariki huko Februari 2019, katikati ya watu waliokuwa wakielewa alichokuwa akisema. Jambo hilo hunipa faraja kila ninapomkumbuka.

Hapo ndipo nilipoelewa kile kilichokuwa kinanisumbua kuhusu Hukwe pia. Nimesoma maelezo mengi ya wageni juu yake, na karibu yote yanasifu koo lake, upana wa sauti yake, mng'ao wa ilimba yake. Ni nadra kukuta mtu anayeeleza alikuwa akisema nini. Naye alisema mengi: alishauri, alionya, alisifu umoja wa nchi, alilalamikia mateso ya wanyonge, kama wanavyofanya waimbaji wote wa Kigogo ambao kwao wimbo ni mahali pa kusema yale ambayo barazani yangezua ugomvi. Msikilizaji asiyejua lugha anapokea nusu. Na kwa kuwa huyo ndiye aliyekuwa akilipa kwa miaka arobaini, si ajabu kwamba vijana wengi wanaoanza leo wanatia bidii katika nusu hiyo anayoweza kuisikia. Nimewasikia wapigaji vijana wenye vidole vyepesi kuliko vya wazee wao wote, ambao wimbo wao una maneno manne ya Kigogo yanayorudiwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Pwani wana bahati katika jambo hili, na ninaitaja kwa kifupi kwa kuwa wapo wanaoijua kuliko mimi. Muziki wa taarabu ulikuja na nyuzi za mbali: Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza, na kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoundwa Unguja mwaka 1905 kiliendeleza udi, fidla na ile ala ya nyuzi iitwayo kanuni. Mwanzoni nyimbo zenyewe ziliimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad alipoimba kwa Kiswahili, na santuri zake kurekodiwa Bombay mwaka 1928, nyuzi zilibaki zile zile za kigeni lakini wasikilizaji wakaanza kubishana juu ya maana ya kila ubeti, na mabishano hayo hayajakoma mpaka leo. Kanuni haikuzaliwa Unguja. Imekuwa ya Unguja kwa sababu kuna watu wa Unguja wanaoijibu.

Rudi nami Ugogo. Jioni ya siku ile mjomba alizifunga nyuzi zake mpya, akazivuta, akazisikiliza kwa kuweka sikio kwenye kibuyu, akazilegeza, akazivuta tena. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kupika ugali. Kisha akaimba. Ulikuwa wimbo wa kisima cha kijiji, kisima ambacho pampu yake iliharibika na fedha za kuitengeneza zikachangwa mara mbili bila maji kutoka. Hakumtaja mtu. Aliimba juu ya ng'ombe mmoja anayekunywa usiku peke yake wakati wenzake wamefungiwa zizini, na watu waliokuwa wamekaa pale walicheka kwa namna iliyonionesha kwamba wanamjua ng'ombe huyo, jina lake na nyumba yake.

Alipofika mahali pa kuitikia alinitazama. Wengine wote waliitikia, nami nikafungua mdomo na kutoa sauti bila maneno. Sauti yenyewe ilikuwa sahihi, kwa maana hiyo ngazi ya uzi imo masikioni mwangu tangu utoto, lakini maneno sikuwa nayo. Nimeishi Dar es Salaam kwa miaka ishirini na tatu na Kigogo changu kimebaki cha salamu na chakula. Mjomba alisimamisha upinde.

"Sauti unayo," alisema. "Sema neno."

"Silijui, mjomba."

"Basi ngoja."

Aliniambia neno kwa neno, polepole, watu wote wakisubiri, na hakuna aliyeona kwamba anapotezewa muda. Niliyaandika kwenye daftari. Yalikuwa maneno kumi na manne. Kumi na mawili niliweza kuyaelewa kwa msaada wa binti yake. La kumi na tatu lilikuwa jina la aina ya nyasi ambazo ng'ombe huzila mvua ikichelewa. La mwisho hakuna aliyeweza kunieleza, hata mjomba, ambaye alisema tu kwamba ndivyo baba yake alivyoliimba na kwamba bila neno hilo mstari hautoshi. Asubuhi binti huyo alibeba kibuyu cha maziwa kwenda nyumba ya tatu kwa bibi mzee kuliko wote kijijini, na neno lile nilikuwa nimemwandikia kwenye kipande cha karatasi. Alirudi jua likiwa kali. Bibi alikuwa amelitambua. Alisema huitwa hivyo ule mlio wa ndoo inapogonga chini ya kisima kisicho na maji.